Intaneti Inapokatika Kalobeyei, Kosa Litafutwe kwa Mpangilio

Kompyuta mpakato iliyoko Kalobeyei, katika Turkana Magharibi, inapoandika kwamba hakuna intaneti, maneno hayo hutaja matokeo bila kutaja chanzo, kwa kuwa kati ya kompyuta hiyo na ukurasa unaotafutwa vipo vifaa vingi, kampuni kadhaa, sheria za nchi, mitambo ya umeme na nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na chochote kati ya hivyo kikikwama, maandishi yanayotokea kwenye kioo huwa ni yale yale. Kwa sababu kompyuta ndiyo iliyo mbele ya macho, ndiyo hushikwa kuwa mkosaji. Hupelekwa kwa fundi, na fundi mwenye haraka ya kumridhisha mteja huifomati, yaani hufuta kila kilichomo na kuingiza mfumo endeshi upya, kazi inayolipiwa na inayoweza kupoteza picha, vyeti vilivyochanganuliwa na kazi za shule, ilhali kasoro ilikuwa kwenye saa ya kompyuta, kwenye bando lililokwisha au kwenye mlingoti wa simu ulioishiwa na umeme. Hoja ya makala haya ni kwamba ujuzi wa kutafuta kosa kwa mpangilio, kuanzia kilicho karibu hadi kilicho mbali, ni sehemu ya elimu ya kompyuta sawa na kujua kuandika na kupiga hesabu ndani yake, na kwamba kuwapelekea watu wa Kalobeyei mashine bila ujuzi huo ni kuwapa nusu ya msaada.

Haja ya ujuzi huo inatokana na lengo lenyewe la makazi hayo. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia Kenya, na kwa miongo miwili iliyofuata iliendeshwa kama mahali pa kungojea mgao. Kalobeyei ilikusudiwa kuwa kitu kingine. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Turkana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, zilikubaliana kuhusu ardhi ya takriban hekta 1,500 iliyo kilomita chache kutoka kambini, na mwaka 2016 makazi yakafunguliwa, ili wakimbizi na wenyeji Waturkana watumie shule, zahanati na masoko ya pamoja. Mpango wa maendeleo unaoyaongoza, unaojulikana kwa kifupi kama KISEDP, umepangwa kwa awamu hadi mwaka 2030, na neno linalorudiwa humo ni kujitegemea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika wa serikali ya Kenya, uliozinduliwa Machi 2025, vinaelekea huko huko. Sasa, kujitegemea nchini Kenya leo kunapita kwenye intaneti: kijana wa Kiturkana anayetaka nafasi ya chuo kikuu huiomba kwenye tovuti ya KUCCPS, mkopo wa masomo huombwa kwenye tovuti ya HELB, huduma za serikali zimekusanywa kwenye tovuti ya eCitizen, na mkimbizi anayesoma kwa masafa kupitia taasisi kama Jesuit Worldwide Learning, au kituo cha InZone cha Chuo Kikuu cha Geneva, hutegemea muunganisho ili afike darasani. Siku ya mwisho ya maombi haisogezwi mbele kwa sababu kompyuta ya mtu mmoja imekataa.

Utafutaji wa kosa huanza na swali dogo ambalo halihitaji kifaa chochote cha fundi, nalo ni kama kuna kifaa kingine kinachopata intaneti mahali hapo hapo, kwa njia ile ile, kwa wakati ule ule. Watu wengi wa Kakuma na Kalobeyei hupata intaneti ya kompyuta kupitia simu, kwa kuwasha kile ambacho simu zenye lugha ya Kiswahili hukiita mtandaohewa, yaani uwezo wa simu kugawa bando lake kwa vifaa vilivyo karibu. Simu hiyo basi ndiyo kipimo cha kwanza. Ikiwa simu yenyewe inafungua ukurasa ambao haikuwahi kuufungua kabla, basi mlingoti, laini na bando ni vizima na kosa liko kati ya simu na kompyuta, au ndani ya kompyuta yenyewe. Ikiwa simu nayo imeshindwa, hakuna faida ya kuigusa kompyuta. Ukurasa mpya ni lazima, kwa sababu kurasa zilizowahi kufunguliwa huhifadhiwa ndani ya simu na zinaweza kuonekana hata pale ambapo muunganisho umekatika. Jaribio hili huchukua muda mfupi na hugawa tatizo zima katika sehemu mbili, na mtu akilijua hilo peke yake amejiepusha na safari nyingi za kwa fundi.

Likionekana kosa liko upande wa kompyuta, yapo mambo ya kutazamwa kabla ya kushuku kwamba kifaa kimeharibika. Hali ya ndegeni, ambayo huzima redio zote za kompyuta, inaweza kuwashwa na kidole kilichoteleza kwenye kibodi. Kompyuta za zamani, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile zinazotolewa kama msaada, huwa na redio ya masafa ya gigahezi 2.4 pekee, kwa hiyo kisambaza intaneti, ambacho wengi hukiita ruta, kikitangaza kwa gigahezi 5, kompyuta hiyo haitaliona jina la mtandao hata ikiwekwa pembeni yake, na dawa ni kubadilisha mpangilio wa ruta au wa simu. Mabati nayo yana sehemu yake. Nyumba nyingi za Kakuma na Kalobeyei zimeezekwa kwa mabati, na baadhi zina kuta za mabati pia. Chuma huakisi mawimbi ya redio badala ya kuyapitisha, kwa hiyo simu iliyo ndani ya nyumba ya namna hiyo inaweza kupata mawimbi hafifu ilhali hatua chache nje ya mlango yana nguvu. Kinachofaa ni kuiweka simu dirishani au mlangoni, upande unaoelekea mlingoti, na kompyuta ibaki kivulini, kwa sababu watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzijoto 35 kwa mazingira ambamo kompyuta mpakato itumike, na mchana wa Turkana huvuka kiwango hicho mara kwa mara.

Kompyuta ikiwa imeuona mtandao na kuukubali, hatua inayofuata ni anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao ili majibu yajue pa kurudi. Namba hiyo hutolewa na ruta au na simu inayogawa intaneti, na mara nyingi huanza kwa 192.168. Kompyuta ikiomba namba na isijibiwe, hujipa yenyewe namba inayoanza kwa 169.254, na mtu anayeiona namba hiyo kwenye ukurasa wa mipangilio ya mtandao amepata ushahidi wa wazi kwamba mazungumzo na ruta hayajafanyika, hata kama alama ya mawimbi imejaa. Sababu ya kawaida ni kwamba ruta imekwama na inahitaji kuzimwa na kuwashwa, au vifaa vilivyounganishwa vimefikia kikomo kilichowekwa na simu, jambo linalotokea kwa urahisi pale ambapo simu moja inahudumia kikundi kizima cha wanafunzi. Kufomati kompyuta hakubadilishi lolote katika hali hiyo.

Baada ya namba huja majina. Kompyuta huwasiliana kwa namba, lakini watu hukumbuka majina ya tovuti, na kazi ya kulibadilisha jina kuwa namba hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ambao hufanya kazi kama orodha ya majina iliyo ndani ya simu ya kila mtu. Orodha hiyo ikikosekana, intaneti yote huonekana imekufa ilhali njia iko wazi. Njia ya kulipima hili ni amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu: mtumiaji huiandikia namba 8.8.8.8, ambayo ni ya seva za majina za Google, kisha huiandikia jina la tovuti anayoijua. Namba ikijibu na jina lisijibu, kwa kawaida kosa ni la majina, na huondolewa kwa kuiandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kama seva ya majina kwenye mipangilio. Vivyo hivyo, maandishi ya Windows yanayosema hakuna intaneti hutokana na jaribio dogo ambalo mfumo huo hulifanya kwa kuomba faili fupi la maandishi kutoka kwa seva ya Microsoft. Jibu lisipofika, kwa sababu yoyote, kompyuta hutoa hukumu hiyo, hata kama tovuti nyingine zinafunguka. Kwa hiyo maandishi hayo yachukuliwe kuwa ni dalili, yasichukuliwe kuwa ni uamuzi wa mwisho.

Lipo kosa moja ambalo linastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu huwapata hasa wenye kompyuta kuukuu na kwa sababu halifanani kabisa na kosa la intaneti, nalo ni kosa la saa. Ndani ya kompyuta nyingi, kwenye bao kuu, mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2032, ambayo kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati kompyuta imezimwa na betri kubwa imeisha. Kompyuta iliyokaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kutolewa msaada, au inayozimika kabisa kila umeme unapokosekana, huimaliza betri hiyo, na ikiwashwa tena saa hurudi kwenye tarehe ya zamani, pengine miaka kumi nyuma. Mwenye kompyuta haoni kwamba hilo lina uzito. Lakini karibu tovuti zote za leo, zikiwemo za benki, za serikali na za vyuo, hujitambulisha kwa cheti cha usalama, yaani hati ya kidijitali yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2015 huiona hati iliyotolewa mwaka huu kuwa haijaanza kutumika, kwa hiyo hukataa kuifungua tovuti na kuandika kwamba muunganisho si salama. Mawimbi yapo, bando lipo, anwani ipo, majina yanajibu, ping inarudi, na bado hakuna ukurasa unaofunguka. Tiba yake ni kuirekebisha tarehe kwa mkono, na baadaye kununua betri mpya isiyo ya bei kubwa, kazi ambayo katika aina nyingi za kompyuta mpakato huhitaji bisibisi na utulivu tu.

Kosa la pili la jamaa hiyo hiyo lilionekana duniani kote tarehe 30 Septemba 2021, pale cheti kikuu kilichokuwa kikitegemewa na vyeti vya Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti vya usalama bure kwa mamilioni ya tovuti, kilipofikia mwisho wake. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa zilikuwa na cheti kingine tayari, na wenye nazo hawakuhisi kitu. Zile za zamani ambazo hazikuwa zimesasishwa kwa miaka mingi zilianza kukataa tovuti moja baada ya nyingine, bila kuharibika popote. Somo hilo linawahusu moja kwa moja wafadhili wanaopeleka kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, kwa sababu mashine inayowaka vizuri inaweza kuwa imekwisha kutengwa na sehemu kubwa ya intaneti, na kuisasisha kunahitaji data nyingi ambayo mpokeaji ndiye atakayeilipia. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, na kompyuta za namna hiyo zitaendelea kumiminika kwenye maghala ya misaada kwa miaka ijayo.

Tukitoka nje ya kompyuta, kituo cha kwanza ni bando. Kompyuta hula data kuliko simu, kwa sababu hujisasisha yenyewe na kupandisha mafaili kwenye hifadhi za mtandaoni bila kuuliza, na bando la siku linaweza kuisha kabla mwenye nalo hajafungua ukurasa wa kwanza. Windows ina mpangilio wa kuutambulisha mtandao kuwa ni wa kupimwa, ambao huzuia sehemu kubwa ya masasisho hayo, na haufai kukosekana kwenye kompyuta yoyote inayotumia mtandaohewa. Jambo hili haliwezi kuchukuliwa kuwa dogo katika makazi ambamo, mwaka 2025, Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza mgao wa chakula kwa kukosa fedha. Shilingi inayoliwa na masasisho yasiyotakiwa inatoka kwenye sufuria.

Kisha ipo laini yenyewe, na hapa kosa la kompyuta hugeuka kuwa suala la sheria. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2015 zilitaka kila laini isajiliwe kwa kitambulisho kinachokubalika, na mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza laini zihakikiwe upya, ikiweka kwanza tarehe 15 Aprili na kisha kuisogeza hadi 15 Oktoba. Wakimbizi wengi, ambao hati zao zilichelewa au hazikutambuliwa dukani, wamekuwa wakitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, wakati mwingine jirani Mturkana aliyekubali kusaidia. Laini ya namna hiyo ikifungwa, mtumiaji hawezi kuifungua, kwa sababu mbele ya sheria si yake, na kila kilichofungwa pamoja nayo hukwama. Uzito wa hilo hueleweka mtu akikumbuka kwamba mfumo wa Bamba Chakula, ulioanza mwaka 2015, ulipitisha thamani ya chakula kwenye laini ya simu. Hakuna fundi wa kompyuta anayeweza kutengeneza kasoro ya namna hiyo. Inatengenezwa na ofisi inayotoa vitambulisho kwa wakati.

Mlingoti wa simu hufuata, na pamoja nao umeme. Turkana kwa muda mrefu imekuwa nje ya gridi ya taifa, Lodwar ikiwashwa na mitambo ya dizeli, na Kalobeyei ikipata gridi ndogo ya sola inayoendeshwa na kampuni ya Renewvia. Milingoti iliyo mbali na gridi hutegemea jenereta, sola na betri, kwa hiyo mtandao unaweza kupotea usiku mzima bila kosa la mtu yeyote mwenye simu. Vilevile vijistari vya mawimbi vinavyoonekana kwenye simu hupima nguvu ya redio peke yake, wala havionyeshi ni watu wangapi wanaugawana mlingoti huo. Jioni, watu wanaporudi nyumbani, vijistari hujaa na ukurasa haufunguki. Mwanafunzi anayejua hivyo hupanga kupakua vitabu vyake alfajiri.

Mbali zaidi kuna mkongo wa faiba, yaani nyaya za nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, uliopangwa kufuata barabara ya Eldoret, Kitale, Lodwar, Kakuma hadi Nadapal mpakani mwa Sudan Kusini, katika mradi wa barabara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na mbali kuliko hapo ipo mikongo ya baharini inayotua Mombasa, kama TEAMS na SEACOM iliyofika mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini mwa bara, karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mwenye kompyuta hana la kutengeneza.

Turkana yenyewe inao mfano wa kazi iliyofikiriwa tangu msingi. Huko Loropio, kando ya Ziwa Turkana, lipo jengo la mafunzo ya teknolojia la Startup Lions, lililobuniwa na msanifu majengo Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso na kukamilika mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya yeye kupewa Tuzo ya Pritzker. Minara yake mirefu, iliyochukua umbo la vichuguu vya mchwa vya eneo hilo, huvuta hewa moto juu na kuitoa nje, huku hewa safi ikiingia kwa chini, ili vyumba vyenye kompyuta visipate joto kupita kiasi. Mbuni wake alianza na mazingira ambamo mashine zitakaa, akazingatia joto na vumbi, kisha ndipo akachora kuta. Kakuma nayo ina Kakuma Ventures, kampuni iliyoanzishwa na wakimbizi wenyewe kwa ajili ya kuwagawia majirani intaneti, ambamo anayekarabati ruta anaishi mtaa mmoja na anayeitumia. Mifano hii miwili inatosha kuonyesha kwamba uwezo upo, wala si wa kuagizwa kutoka Nairobi.

Kwa hiyo serikali ya Kaunti ya Turkana, UNHCR na washirika wao, pamoja na kila mfadhili anayefunga kompyuta kwenye makasha kuzipeleka Turkana Magharibi, wanaombwa kubadilisha utaratibu wa kuhesabu msaada. Bajeti ya kila chumba cha kompyuta iwe na mshahara wa fundi mkazi, awe mkimbizi au mwenyeji, na iwe na fungu la bando, betri za saa na bisibisi. Kila kompyuta ikaguliwe saa yake na masasisho yake kabla haijasafirishwa. Hatua za kutafuta kosa zichapishwe kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, zibandikwe ukutani, na walimu wa Kalobeyei wazifundishe katika somo la kwanza la kompyuta, kwa kuikata intaneti makusudi na kuwaacha wanafunzi waitafute ilipokatikia.